Mkwe wa Nebraska na Mpira Usiosimama

Mtaa wa Point,
Durban,
Afrika Kusini.
5 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Vénérand,

Nakusalimu kwa kupiga magoti, kama ulivyotufundisha tukiwa wadogo, ingawa goti langu la kushoto siku hizi linanung'unika kwa kusimama saluni kutwa. La kwako linaendeleaje? Padri Bertrand alipopita hapa alituambia umeanza tena kwenda kanisani bila fimbo, na Mama akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama kuna harusi. Mama Peguy naye mzima? Presha imeshuka? Na mvua, imeanza kunyesha huko Likasi au bado mnalitazama vumbi?

Sisi tu wazima. Mama anakula, analala, anagombana na lifti ya jengo hili ambayo imekufa tangu Pasaka. Mume wangu Séverin bado yuko kwenye ghala kule Mobeni, na saluni yangu iko sharp, kama wasemavyo vijana wa hapa. Najua hilo neno litakufanya utafute kalamu nyekundu. Uliyekuwa mwalimu wa Kiswahili huwezi kustaafu kabisa. Nisamehe tu, mji huu unamwingia mtu mdomoni.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza mambo mawili. La kwanza, wakwe wa dada yangu Marie-Jeanne wa huko Amerika watakuja lini kusalimia, maana wakwe wasiokuja kusalimia, ulisema, ni wateja tu. La pili lilikuwa kama utani: taifa lililofika mpaka mwezini, mbona mpira wa miguu unalishinda? Niliyaweka kama maswali mawili. Kumbe majibu yake yalikuwa yanakuja kwa ndege moja.

Mkwe amekuja, Mjomba. Mzee Lowell mwenyewe, baba mzazi wa Curtis, mume wa Marie-Jeanne. Alikuja peke yake, na miaka yake sabini na kitu, kutoka Nebraska, jimbo ambalo nililitafuta kwenye ramani nikalikuta katikati kabisa ya nchi yao, mbali na kila bahari. Mkewe, Mama Darlene, alifariki mwezi wa pili. Kabla ya kufa alimwachia neno: uende ukamsalimie mama wa mkwe wetu, kwa sababu yeye hawezi kupata visa ya kuja kwetu.

Mama alimpokea akiwa amesimama, amevaa kitenge kile alichovaa siku ya harusi yake, ulipompeleka kanisani badala ya babu. Mzee akavua kofia mlangoni. Ni mrefu, aliinama kupita. Akafungua sanduku, akatoa blanketi la viraka lililoshonwa kwa mkono, viraka vingi vya rangi zote, kazi ya Mama Darlene. Akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea Mama.

"Mwambie," aliniambia kwa Kiingereza, "mwambie nimechelewa miaka kumi na mitano. Sina la kujitetea."

Nikamtafsiria Mama. Mama akalipokea blanketi, akalinusa kama mtu anavyomnusa mtoto mchanga, akasema, "Mwambie aliyefika hakuchelewa. Akae, chakula kiko tayari."

Kwa hiyo, Mjomba, futa lile neno la wateja.

Siku za mwanzo zilikuwa za kucheka. Mzee amelima mahindi maisha yake yote, sasa shamba analilima jirani yake. Mama akampikia bukari na samaki na sombe ya majani ya muhogo. Akaonja bukari, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni mahindi. Akaweka tonge chini, akalitazama.

"Nimelima mahindi miaka hamsini," akasema, "na sijawahi kuyala hivi. Yetu mengi wanakula ng'ombe."

Mama aliposikia akasema, "Ng'ombe wa kule wako na bahati." Tukacheka mpaka machozi, na mzee akaomba aongezewe.

Kila asubuhi alikuwa anashuka ngazi zote zile, anatembea mpaka mwisho wa Point kutazama meli kubwa zinavyoingia bandarini karibu na watu, anarudi anamsimulia Mama kwa Kiingereza, na Mama anamjibu kwa Kiswahili. Kila mmoja alikuwa anamaliza hotuba yake, mwingine anaitikia kwa kichwa. Sijui walielewana nini, lakini walikuwa wanasubiriana.

Basi ikafika Jumamosi moja. Séverin alitaka kumfurahisha mgeni. Alikuwa amesikia kutoka kwa Marie-Jeanne kwamba mzee ni mpenzi mkubwa wa mpira wao, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, akatafuta kwenye simu mechi ya chuo kikuu cha kwao, akaiunganisha na televisheni. Saa kumi na mbili jioni hapa, huko kwao bado ni asubuhi.

Mjomba, nilishika mdomo. Uwanja ule! Watu zaidi ya themanini elfu, wote wamevaa nyekundu, kama mtu amemwaga mawese kwenye bakuli. Mabibi, mababu, watoto wachanga waliozibwa masikio wasisumbuliwe na kelele, bendi ya matarumbeta inayopita uwanjani ikichora herufi kwa miguu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ile ni krusedi ya mhubiri gani?" akauliza.

"Ni mpira, Mama."

"Timu ya taifa?"

"Hapana, Mama. Wanafunzi wa chuo."

"Wanafunzi?" Mama akakaa chini. "Watu wote wale wamekuja kuangalia wanafunzi?"

Nikageuka kumtazama mzee, nikitegemea kumwona anatabasamu. Mzee alikuwa amesimama. Akasema samahani, akatoka kwenda barazani, akaufunga mlango wa kioo taratibu nyuma yake. Séverin akanitazama. Televisheni ikabaki inapiga kelele peke yake. "Nimefanya nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Sikujua.

Mama ndiye aliyejua. Akachukua kigoda chake, akafungua mlango, akakaa karibu na mzee. Baada ya muda akaniita. "Njoo utafsiri. Huyu ana kitu kwenye koo."

Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu nadhani humo ndimo lilimo jibu lako.

Alisema baba yake alipata viti vinne katika uwanja ule alipokuwa kijana, na viti hivyo havijawahi kutoka mikononi mwa familia. Kwao watu wanarithishana viti vya mpira kama sisi tunavyorithishana shamba. Baba yake alikuwa mkulima, mtu asiyesema. Mwaka mzima watu wanasikia kikohozi chake tu. Lakini Jumamosi za majira ya mavuno walikuwa wanaendesha gari mpaka uwanjani, baba na mwana, wanakaa.

"Watu wa nje wanaucheka mchezo wetu," mzee alisema. "Wanasema unasimama kila mara. Wanakimbia kidogo, wanasimama, wanapanga, wanakimbia tena. Ni kweli. Lakini baba yangu aliongea na mimi mle, mpira ulipokuwa umesimama. Kwenye kile kiti ndipo aliponiambia kwamba mama anaumwa na hatapona. Kwenye kile kiti ndipo nilipomwambia kwamba nimempata Darlene. Hakunijibu. Walicheza kidogo, wakasimama tena, ndipo akasema, 'Mlete Jumamosi ijayo.'"

Baadaye Darlene alikaa pale, na Curtis akakulia pale. Abby, binti wa Marie-Jeanne, mjukuu wako huyu ambaye hujamwona, alikuwa anakaa katikati ya babu na bibi tangu hajajua kutembea. Kisha Abby akaanza kucheza mpira wa miguu kwenye timu ya wasichana, na mechi zao ni Jumamosi zilezile. Curtis na Marie-Jeanne wanampeleka. Bibi akafa. Mzee alibaki na viti vinne, mwenyewe na kofia yake.

"Msimu huu nilishindwa kukaa pale," alisema. "Nikakumbuka neno la Darlene kuhusu safari hii. Nilijidanganya kwamba nakuja kwa ajili yake tu."

Mama alimshika mkono. Séverin, ambaye alikuwa amejitokeza mlangoni, akauliza kwa upole, kwa Kiingereza chake cha ghalani, kwa nini watu wa kule hawawezi kuwa na vyote viwili, wao na mpira wao, dunia na mpira wake.

Mzee akafikiri. "Majira ya mavuno ni ya huu," akasema. "Wakati wa theluji ni mpira wa kikapu. Majani yakichipua inaanza besiboli, inatembea mpaka joto liishe. Hakuna mwezi usio na mwenyewe. Mpira wenu umefika kwetu kama mgeni anayekuta nyumba imejaa na kila kitanda kina mtu. Watoto wetu wanaucheza, usidhani hawauchezi. Wanaucheza karibu wote wakiwa wadogo. Halafu wanafika umri fulani, wanarudi kwenye vitanda vya baba zao. Abby hakurudi."

Halafu akaharibu. "Na sijui anaona nini mle. Ni kukimbia tu. Mara nyingi hata mshindi hakuna. Mtu anarudi nyumbani na nini?"

Mjomba, unajua mimi ni mtoto wa nani. Niliingia ndani nikamkuta marehemu Baba kwenye picha yake ukutani, ile mliyopiga wote wawili nje ya uwanja Lubumbashi, mimi nikiwa mabegani mwako na bendera mkononi. Nilitaka kurudi barazani nimwambie mkwe maneno. Nilimwuliza Baba kwenye picha, naye akanitazama tu kwa yale macho yake ya kuomba radhi. Nikatulia. Nilipotulia nikaona kwamba mzee yule na mimi tulikuwa tunalilia kitu kimoja. Mimi pia nilipewa mpira na baba. Tofauti ni kwamba mimi nilipohama nchi, nikahama tena, niliukuta kila mahali umetangulia. Wa kwake akiuacha pale Nebraska, hakuna mji mwingine duniani wa kwenda kuukuta.

Wiki iliyofuata timu moja kubwa ya Johannesburg ilikuwa inakuja kucheza hapa. Nikamwambia, "Baba, Jumapili utanisindikiza uwanjani." Nilimwita Baba makusudi, ili asipate njia ya kukataa.

Tulitembea kwa miguu kandokando ya ufukwe, yeye, mimi na Séverin, mpaka tukauona uwanja na lile tao lake jeupe juu. Njia nzima ilikuwa imejaa watu, wanapuliza vuvuzela, wamevaa zile kofia ngumu za mgodini wanazozichonga na kuzipaka rangi. Mzee akasimama.

"Kumbe na ninyi mna kofia ngumu!"

"Hapa wanavaa watazamaji, Baba," Séverin akamwambia. "Wachezaji wanacheza kichwa wazi." Mzee alicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu ile jioni ya barazani.

Tulikaa juu kidogo, nyuma ya goli ambalo timu ya hapa ingelilinda kipindi cha pili. Kabla mpira haujaanza, uwanja ulianza kuimba. Unajua mwenyewe, Mjomba, lakini hujasikia Wazulu. Wanaanza watu watatu upande ule, sauti inazunguka, inashuka, inakuja inakukuta umekaa, na unatetemeka kwenye kifua kabla hujaisikia masikioni. Mzee alikuwa anageuza kichwa huku na huku.

"Bendi iko wapi?" akauliza.

"Hakuna bendi."

"Nani anawaongoza?"

"Hakuna."

"Sasa nani amewaambia waanze?"

Nilipomtazama nikaona vinyweleo vya mikono yake vimesimama.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli, na sitakudanganya, hakikuwa na utamu pia. Mzee alianza kuchoka. Aliniuliza watasimama saa ngapi. Nikamwambia hawasimami mpaka mapumziko. Akaanza kunisimulia habari ya jirani anayelima shamba lake, jinsi anavyochelewa kuvuna. Wakati huohuo mpira ukapigwa mbele ya goli letu, na mimi, Mjomba, nikamwinulia mkwe wangu mkono anyamaze. Mkwe! Nilipogundua nilichofanya nilitaka kuingia chini ya kiti.

Yeye hakukasirika. Aliutazama mkono wangu, akautazama uwanja, akasema polepole, "Sasa naelewa. Hapa mtu hawezi kuzungumza."

"Hapa tunaimba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa desturi ya nyumba.

Kipindi cha pili timu ya Johannesburg ilitujia yote. Golikipa wetu ni kijana mwembamba, na siku ile alikuwa amepewa mabawa. Mpira mmoja ulipigwa kutoka mbali, ukapinda, watu wakaanza kushika vichwa. Golikipa akaruka, akaudaka hewani, akaanguka nao. Mzee Lowell akasimama wima, mtu mzima wa pale nyuma akampigia kelele akae.

"Yule!" akasema. "Yule anaruhusiwa mikono?"

"Ndiye golikipa, Baba."

"Umeona? Hakuupiga. Ameupokea. Vidole gumba vimeangaliana, viwiko ndani, akauleta kifuani. Yule amefundishwa na mtu."

Ndipo akanieleza kwamba shuleni yeye alikuwa mdakaji, kazi yake ilikuwa kukimbia na kuudaka mpira unaorushwa kutoka mbali. Tangu pale hakutazama tena kitu kingine. Mpira ukienda upande wa pili watu wote wanageuka nao, yeye macho yake yako kwa golikipa. "Hajalala," aliniambia. "Mpira uko mbali kule, yeye anapiga hatua ndogo ndogo. Angalia miguu."

Nikasema, bila kufikiri, "Kama Abby."

"Abby?"

"Si Abby ni golikipa wa timu yao?"

Aligeuka akanitazama. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi nimsogelee sikioni. "Abby anasimama golini, Baba. Hukujua?"

Nilimwona anasema neno, sikulisikia, nikalisoma midomoni: Sikuuliza.

Nilitoa simu. Marie-Jeanne hunitumia video za binti yake, nami humwonyesha Mama jioni. Nilitafuta ile ninayoipenda kuliko zote, nikamwekea mkononi. Akavaa miwani. Pale pale, katikati ya ule uwanja wote unaonguruma, mzee akainama juu ya kile kioo kidogo. Abby yuko golini, nywele zake amezifunga nyuma, glavu zimemzidi ukubwa. Mpira unakuja juu. Anapiga hatua mbili ndogo, ananyoosha mikono, vidole gumba vinaangaliana. Anaudaka, viwiko vinaingia ndani, anauleta kifuani, anaukumbatia.

Mzee akarudia video. Akairudia tena.

Na ndipo timu ya hapa ikafunga goli. Sijui lilifungwaje, Mjomba, usiniulize. Nilisikia ardhi inainuka. Séverin aliruka akamkumbatia mtu asiyemjua, mama mmoja wa Kizulu akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa, vuvuzela zote zikalia pamoja, watu elfu na elfu wakiwa hewani. Mtu mmoja tu hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa, simu yangu mkononi, na chozi linamdondokea kwenye kioo, na yeye analifuta kwa kidole gumba na video inasimama kwa sababu amekigusa, na anaianzisha upya.

Niliinama. Akaniambia sikioni, "Nilimfundisha hayo uani kwangu, kwa mpira wetu, hajaanza hata shule. Kila jioni. Vidole gumba viangaliane, viwiko ndani, ulete moyoni. Nilidhani ameyatupa."

Nimekwenda viwanjani tangu nikiwa mabegani mwako. Nimeona timu zikibeba makombe, nimeona watu wazima wakizimia. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama yule mzee asiyeliona lile goli.

Tulirudi kwa njia ile ile ya ufukweni. Mama alipofungua mlango akamtazama usoni, akaniuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Tumeshinda."

Mzee alikunywa maji, akakaa, akaniomba nimsaidie kupiga simu kwa watu wa ndege. Alitakiwa kukaa nasi mpaka katikati ya mwezi huu. Alitaka kuondoka wiki ile ile, afike kabla ya Jumamosi. Alikuwa na haya kumwambia Mama, akidhani tutaona ametuchoka. Nikamtafsiria Mama yote, kiti na golikipa na video na ndege.

Mama akasema, "Mkwe anayemkimbilia mjukuu, nani atamwambia kaa? Aende. Lakini kwanza ale."

Siku ya kuondoka Mama alimwekea mkono kichwani, ikabidi ainame sana, akamwombea kwa Kiswahili sala ndefu. Mzee hakuelewa hata neno moja, na mwisho akasema "Amina" pale panapostahili. Majirani wa ghorofa yetu wote walitoka kumsindikiza ngazini. Nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke. Mama bado anaweka kikombe chake.

Sasa nikusimulie yaliyotokea jana, halafu nikuache upumzike.

Marie-Jeanne alinipigia jana jioni, anacheka na kulia kwa pamoja, ikabidi nimwambie avute pumzi. Jana ilikuwa Jumamosi, na timu ya chuo ya mzee ilikuwa inacheza nyumbani, ule uwanja mwekundu umejaa kama kawaida. Timu ya Abby nayo ilikuwa na mechi, kwenye kiwanja cha shule cha mji mwingine, watazamaji ni wazazi waliokaa kwenye viti vya kukunja na mbwa mmoja. Ndiyo, Mjomba, ndivyo mpira wetu ulivyo huko kwa wengi. Usiwacheke. Na Kombe la Dunia litakalochezwa kwao halitaubadilisha mwaka mmoja. Vitanda vina wenyewe.

Mzee alikuwa amewasili bila kumwambia Abby. Alifika mechi imekwisha kuanza, hakwenda kwenye viti walikokaa Curtis na Marie-Jeanne. Alizunguka, akasimama nyuma ya goli. Abby alikuwa amempa mgongo, macho yake yapo mbele, anapiga zile hatua zake ndogo ndogo, hakujua. Marie-Jeanne anasema alisimama hivyo muda mrefu, kofia mkononi, upepo unamvuruga nywele, midomo inatikisika. Curtis alitaka kwenda kumchukua, Marie-Jeanne akamzuia.

Kisha Abby akafungwa. Goli jepesi, la aibu, mpira ulimpita chini ya tumbo polepole kama kuku anayevuka barabara. Wenzake wakanyong'onyea. Abby akageuka kwenda kuutoa mpira wavuni, uso umemvimba kwa kujizuia, akainama, akainua macho, akamwona babu yake upande wa pili wa wavu.

Abby akasema, "Babu? Leo si mnacheza nyumbani?"

"Ndiyo," mzee akasema.

"Na viti?"

"Nimempa jirani na wanawe."

Abby akabaki ameukumbatia mpira. Alitaka kusema kitu, pengine habari ya lile goli, pengine ya bibi yake, Marie-Jeanne hajui. Mzee akaweka kiganja chake kwenye wavu.

"Tutaongea baadaye," akamwambia. "Geuka, Abby. Wanaanza."

Walishindwa, Mjomba, mabao matatu kwa moja. Baada ya mechi walikaa ndani ya gari la babu, wawili tu, muda mrefu sana, na watu wa nyumbani wakawasubiri.

Nisalimie Mama Peguy, na Peguy mwenyewe na mkewe, na Prodige mwambie picha za mtoto wake zimefika, ana masikio ya kwetu. Msalimie Padri Bertrand na wanakwaya wote. Mama anasema usiache kupaka dawa goti, na kwamba anakuota ukiwa kijana. Séverin anakuinamia.

Mungu akulinde mjomba wetu, akuzidishie miguu ya kutembea na macho ya kusoma, na siku moja atukutanishe wote mezani, wa Likasi, wa Durban na wa Nebraska.

Mpwa wako akupendaye sana,
Laurette